Maradhi ya Kifua ya Nyoka Anayefugwa

(Somo hili lilisemwa katika redio. Limepigwa chapa hapa kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza na kwa wale waliokosa kipindi.)



Katika masomo yetu juu ya utunzaji wa wanyama tumekwisha kusema habari za kuku, mbuzi na ng'ombe. Leo nataka kusema nawe juu ya mnyama ambaye wengi wetu, tukimwona, hutafuta fimbo. Mnyama huyo ni nyoka. Nakuomba usizime redio yako. Hatutajifunza leo namna ya kumkamata wala ya kumwua. Tutajifunza namna ya kumtambua nyoka aliyeshikwa na maradhi ya kifua, na yapasayo kufanywa ili apone.

Pengine utauliza, "Nani afugaye nyoka?" Wako, tena si wachache. Huko Usukuma, kusini ya Ziwa Viktoria, chama cha wacheza nyoka kiitwacho Bayeye kinajulikana tangu zamani. Bwana Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliandika habari za chama hicho mwaka 1946. Hata leo katika ngoma za Kisukuma, kama zile za sikukuu ya Bulabo huko Bujora karibu na Mwanza, mchezaji hutoka uwanjani na chatu mabegani mwake. Hali kadhalika ziko bustani za nyoka kwa ajili ya wageni na wanafunzi: iko Meserani karibu na Arusha, iko kwenye Makumbusho ya Nairobi, na iko Watamu katika pwani ya Kenya. Mahali pote hapo mtu mmoja ameajiriwa, au amejitwika mwenyewe, kazi ya kumlisha na kumtunza nyoka. Somo hili ni la mtu huyo.

Nitasema hasa juu ya chatu, kwa kuwa ndiye afugwaye zaidi na ndiye asiye na sumu. Ikiwa nyoka wako ana sumu, dalili ni zile zile, lakini usimfungue kinywa wala usimshike kwa uchunguzi; kazi hiyo mwachie mtaalamu.

NYOKA HUPUMUAJE?

Mtu ana mapafu mawili, moja kila upande. Nyoka wengi wana pafu moja tu lifanyalo kazi, nalo ni la kulia. La kushoto limekuwa dogo sana au limetoweka kabisa. Chatu ana yote mawili, ila la kushoto ni fupi kuliko la kulia. Pafu la nyoka ni kama mfuko mrefu. Sehemu yake ya mbele ina mishipa mingi ya damu, na hapo ndipo hewa safi inapoingia katika damu. Sehemu ya nyuma ni kama mpira wa kuwekea hewa tu.

Mtu ana kiwambo chini ya kifua, baina ya mapafu na tumbo. Kiwambo hicho ndicho kinachotusaidia kuvuta pumzi na kukohoa kwa nguvu. Nyoka hana kiwambo. Yeye huvuta pumzi kwa kutanua mbavu zake, na huitoa kwa kuzibana. Basi makohozi yakimjaa katika pafu, hawezi kuyatoa kwa kikohozi kama wewe na mimi. Yanakaa humo humo na kushuka chini katika mfuko ule mrefu. Tena usaha wa nyoka si mwepesi kama wa ng'ombe au wa mtu. Huganda ukawa mgumu kama jibini. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya maradhi haya kuwa ya hatari: yakianza, hayana njia rahisi ya kutoka.

Sababu ya pili ni joto. Mwili wako una moto wake. Mchana na usiku, penye jua na penye baridi, joto lako ni karibu nyuzi 37 za sentigredi. Nyoka hana moto wa ndani namna hiyo. Joto lake hulipata nje, kwa jua, kwa jiwe lililopata jua, au kwa shimo lisiloingia baridi. Damu yake ikipata joto la kutosha, askari wa mwili wake hupigana na viini vya maradhi. Ikipoa, askari hao hulegea, lakini viini vingi huendelea kuzaa.

Chatu wa porini ajua sana habari hii. Mtaalamu wa Afrika Kusini, Graham Alexander, aliwafuata chatu wa huko kwa miaka kadhaa, na mwaka 2018 alitangaza aliyoyaona. Chatu jike mwenye mayai hutoka shimoni kuota jua mpaka mwili wake ufike karibu nyuzi 40, kisha hurudi kuyakumbatia mayai yake na kuyapa joto lile. Akiona limezidi, huingia kivulini. Hakuna ampimiaye, hujipimia mwenyewe kwa kwenda na kurudi.

Sasa mfikirie chatu aliyemo sandukuni. Aende wapi? Sanduku likiwa la baridi, yeye ni wa baridi. Likiwekwa juani bila kivuli, ataungua humo afe. Basi ndugu yangu, shika neno hili moja hata kama mengine yatakupita: nyoka hawezi kukohoa, wala hawezi kujitafutia joto akiwa amefungiwa. Ukimfungia, kazi ya kumtafutia joto imekuwa yako, na kazi ya kuona maradhi mapema imekuwa yako pia.

MARADHI HUINGIA WAKATI GANI?

Tuchukue mfano wa ngoma za Usukuma. Ngoma kubwa huchezwa baada ya mavuno, tangu Juni mpaka Agosti. Miezi hiyo ni ya kiangazi. Mchana jua ni kali, lakini usiku baridi hushuka. Tuseme mchezaji mmoja amekwenda kushindana katika kijiji cha mbali. Chatu wake ametiwa katika gunia, akapakiwa nyuma ya lori penye upepo. Jioni ameshikwashikwa na kurushwa mbele ya watu, naye akanyunyiziwa maji ili ang'ae. Usiku amelala katika gunia lile lile lililolowa, juu ya sakafu ya saruji. Siku ya pili na ya tatu ni hivyo hivyo. Mchezaji amerudi nyumbani na zawadi yake. Wiki mbili baadaye chatu hataki kula, na anatoa povu puani.

Si uchawi wa mshindani. Ni baridi, unyevu, uchovu na uchafu vilivyokutana mahali pamoja. Vijidudu vinavyoleta kichomi kwa nyoka, mara nyingi, tayari vimo kinywani mwake, katika maji yake machafu na katika kinyesi kilichokaa sandukuni. Vilikuwa vikingoja mwili ulegee.

Katika bustani za nyoka za Arusha na Nairobi hatari ni ile ile, kwa maana miji hiyo iko juu na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi sana kwa chatu. Umeme ukikatika usiku, taa za joto huzimika, na kufikia asubuhi nyoka wote wamepoa.

DALILI

Nyoka mzima akipumzika hupumua polepole kwa pua, kinywa kimefungwa, wala husikii sauti. Jizoeze kumtazama kila siku akiwa mzima, ndipo utakapojua kwamba leo amebadilika. Dalili zenyewe ni hizi:

Kwanza, sauti. Akivuta au akitoa pumzi unasikia mluzi mwembamba, au mlio kama wa mapovu ya maji, au anakoroma.

Pili, ute. Kuna mapovu au ute puani na pembeni mwa midomo. Ukimwona amefungua kinywa, ndani kuna nyuzi za mate mazito yanayonata.

Tatu, kichwa. Anakaa ameinua kichwa na shingo, ameviegemeza kwenye ukuta wa sanduku, pua juu. Hafanyi hivyo kwa ujeuri; anajaribu kupata njia ya hewa.

Nne, kinywa wazi. Anapumua kwa kinywa, koo limetutumka. Hii ni dalili ya hatari kubwa. Usingoje kesho.

Tano, ulegevu. Hatoi ulimi kunusa kama kawaida yake, hakazi mwili ukimshika, anakonda. Kutokula peke yake si ushahidi, maana chatu mkubwa mzima aweza kukaa wiki nyingi bila chakula. Lakini kutokula pamoja na mojawapo ya dalili nilizozitaja ni ushahidi wa kutosha.

Yapasa pia ujue mambo yanayofanana na ugonjwa na si ugonjwa. Nyoka anapokaribia kujivua gamba, macho yake huwa na ukungu, na gamba kuukuu laweza kuziba pua na kuleta mluzi. Gamba likitoka lote, mluzi huisha. Nyoka aliyekasirika hufoka, naye huacha hasira ikiisha. Akimaliza kumeza windo hupiga miayo mara mbili tatu ili kurudisha taya zake mahali pake. Ila mluzi ukiendelea baada ya gamba kutoka, au miayo ikirudi kila siku bila ya kula, usijidanganye.

UFANYE NINI?

Mtenge. Siku ile ile uonapo dalili, mwondoe kwa wenzake. Umhudumie yeye mwisho, baada ya wazima, kisha nawa mikono kwa sabuni. Bakuli lake la maji lisitumiwe na mwingine.

Mpe joto. Chatu mzima hutakiwa awe na upande mmoja wa sanduku wenye nyuzi 30 hivi mpaka 32, na upande wa pili wenye nyuzi 25 mpaka 27, ili achague. Aliye mgonjwa asiachwe kupoa usiku. Joto lisishuke chini ya nyuzi 28, na upande wa moto ubaki 31 au 32. Usikisie kwa kiganja. Nunua kipimajoto na ukiweke pale alalapo nyoka, si ukutani. Ikiwa huna umeme, jaza maji ya moto katika chupa za plastiki zilizo imara, uzifunge kwa kitambaa kizito, uziweke upande mmoja wa sanduku, na uzibadilishe zikipoa. Hata katikati ya usiku uamke uzibadilishe.

Usimwekee jiko la mkaa. Nasisitiza hili kwa kuwa ndilo jambo la kwanza mtu hufikiri. Moshi na hewa ya mkaa humwumiza mwenye kifua kibovu, na katika chumba kilichofungwa hewa hiyo huua nyoka na mtu pia.

Safisha. Toa matandiko yote, osha sanduku, likauke, kisha tandika karatasi za gazeti. Karatasi ni rahisi kubadilisha, tena utaona juu yake kama kuna ute au damu. Hewa iingie, lakini upepo usimpige. Maji safi ya kunywa yawepo siku zote, kwa maana nyoka aliyekauka mwili, ute wake huzidi kuwa mzito.

Mwache apumzike. Hakuna ngoma, hakuna wageni wa kupigwa naye picha. Usimlishe kwa nguvu. Chakula tumboni hubana mapafu, naye aweza kukitapika.

Andika. Chukua daftari uandike tarehe uliyoona dalili, uzito wake kwa mizani, joto la asubuhi na la usiku, na siku aliyokula mara ya mwisho. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko hadithi ndefu.

Mwite daktari wa mifugo. Joto na usafi husaidia sana, lakini kichomi kilichokwisha kuingia hakiponi kwa hayo peke yake. Daktari aweza kuchukua ute kutoka katika tundu la pumzi, akaupeleka maabara kujua ni kijidudu gani na ni dawa gani inayokiua. Dawa yenyewe mara nyingi ni sindano, nayo huchomwa sehemu ya mbele ya mwili, kwa kuwa damu itokayo upande wa mkia yaweza kupita kwenye figo kwanza. Matibabu huchukua wiki kadhaa. Usiyakatishe kwa sababu umemwona ameanza kula.

Wala usimtibu kwa vidonge vyako, au kwa sindano iliyobaki ya ng'ombe. Ziko dawa zinazoharibu figo za nyoka zikizidi kidogo. Na kama bustani yako ina kobe pia, jua kwamba ivermectin, dawa ya minyoo na kupe ambayo wafugaji wengi wanayo, humwua kobe.

MAMBO YASIYOPONA, NA YANAYOMHUSU MTU

Si kila maradhi ya kifua hutokana na baridi. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani na wa Ulaya walitangaza kuwa wamegundua kirusi cha jamii ya nidovirusi kinacholeta kichomi kwa chatu. Hakina dawa ya kukiua wala chanjo, na nyoka aliye nacho aweza kukaa muda mrefu akiwaambukiza wengine. Kwa hiyo nyoka mgeni, hata akiwa mzuri wa macho, akae peke yake siku 90 kabla ya kuingia kwa wenyeji. Wakati huo mtazame pia kama ana utitiri, vidudu vidogo vyeusi vinavyojificha chini ya magamba na pembeni mwa macho, na kuelea katika bakuli la maji. Utitiri hunyonya damu na waweza kuchukua maradhi kutoka kwa nyoka mmoja mpaka kwa mwingine.

Tena kuna mdudu anayefanana na mnyoo, mwenye pete mwilini, ambaye wataalamu humwita Armillifer. Hukaa ndani ya mapafu ya chatu na ya nyoka wengine wa Afrika. Mayai yake hutoka katika ute wa kinywa na katika kinyesi. Panya huyala, nyoka humla panya, na mzunguko huendelea. Mtu naye aweza kuyameza, kwa kula nyama ya nyoka isiyoiva au kwa kula bila kunawa baada ya kumshika nyoka. Watoto wa mdudu huyo hujichimbia katika ini na tumbo la mtu. Wengi hawasikii kitu, lakini wengine huumwa, na mara chache huingia katika jicho. Habari za watu walioambukizwa zimeandikwa sana Afrika ya Magharibi na Kongo.

Basi mchezaji atiaye kichwa cha chatu kinywani mwake ili watu wamshangilie, na mtoto wa mtunzaji achezaye karibu na sanduku chafu, wote wamo hatarini. Ute wa nyoka mgonjwa si kitu cha kupangusia mkono kwenye nguo. Sabuni na maji, kila mara. Na chatu aliyekufa kwa kifua asiliwe wala asitupwe jalalani. Mpeleke kwa daktari ampasue aone, au mzike chini sana.

Neno moja juu ya sheria. Chatu ni mnyamapori, na katika Tanzania na Kenya kumweka kwahitaji kibali. Wako watu wanaomficha daktari nyoka wao kwa kuogopa kuulizwa kibali, mpaka nyoka afe. Ni afadhali kuyatengeneza mambo ya kibali mapema, ili siku ya ugonjwa usiwe na cha kuficha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mluzi mdogo wa puani ndio ufa. Akionwa siku hiyo, akapewa joto na kupelekwa kwa daktari, chatu ana matumaini mazuri ya kupona. Akingojewa mpaka afungue kinywa, wengi hawaponi, na mwenye kuishi kwa ngoma hupoteza mwenzake wa kazi aliyemlea kwa miaka.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini nyoka hawezi kutoa makohozi kama mtu?
2. Taja dalili tatu za maradhi ya kifua, na mambo mawili yanayofanana nazo ambayo si ugonjwa.
3. Mnasafiri na chatu kwenda ngomani mwezi wa Julai, nanyi mtalala huko siku tatu. Mtamfungashaje? Usiku atalala wapi, na joto lake mtalipima kwa nini?
4. Katika kijiji chenu, daktari wa mifugo yuko umbali gani? Ni nani atakayemwendea?

Swali la tatu lijadilini mpaka mpatane, kisha mliandike jibu lenu na kulibandika pale nyoka anapokaa. Na jioni ya leo, kabla ya kulala, kila mwenye nyoka aende akasikilize anavyopumua.

Kwaherini, mpaka kipindi kijacho.